Fukusi na kuvu: maadui wawili wa mahindi yanayovuka Busia na Malaba

Gunia la mahindi linaweza kufika mpakani bila mdudu hata mmoja, punje zikiwa nyeupe na safi, na bado likakataliwa. Gunia jingine linaweza kufika fukusi wakitembea juu yake, likafukizwa dawa, likachekechwa, kisha likaruhusiwa kuendelea na safari. Wafanyabiashara wengi huona jambo hili kama uonevu. Sababu yake ni kwamba mahindi yana maadui wawili wasiofanana, na kila mmoja hupimwa kwa njia yake.

Makala hii inalinganisha fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais), ambaye ni mdudu, na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayotoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Imeandaliwa kwa ajili ya wanunuzi, madalali na wasafirishaji wa nafaka katika ukanda wa mpaka wa Uganda na Kenya, kutoka Masaba na Busia hadi Tororo na Malaba. Huko ndiko hupita mahindi mengi ya Iganga, Mbale, Masindi na Kiryandongo yakielekea kwa wasagaji wa Kenya.

KWA UFUPI

- Fukusi hula mahindi. Hasara yake ni ya uzito, daraja na bei.
- Kuvu hutia mahindi sumu. Hasara yake ni ya afya ya mlaji, na shehena nzima inaweza kukataliwa.
- Fukusi huonekana kwa macho na huuawa kwa dawa. Sumukuvu haionekani, hainusi, na hakuna dawa ya ghalani inayoiondoa.
- Wote wawili hustawi penye unyevu. Mahindi yaliyokauka vizuri mapema huwanyima wote wawili nafasi.

FUKUSI NI MDUDU GANI

Fukusi ni mdudu mdogo mwenye urefu wa milimita 2.5 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Ana mabawa na huweza kuruka. Kwa sababu hiyo mahindi huweza kushambuliwa yangali shambani, kabla hayajafika stoo.

Jike hutoboa tundu dogo kwenye punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute unaoganda. Funza huanguliwa humo humo na kula unga wa punje kutoka ndani. Katika joto la kawaida la ukanda huu, safari ya kutoka yai hadi fukusi kamili huchukua takriban wiki tano. Fukusi mzima huweza kuishi miezi kadhaa.

Mfanyabiashara anapaswa kuzingatia jambo hili. Mahindi yanayoonekana safi siku ya kupakia yanaweza kuwa na mayai na funza ndani ya punje. Mwezi mmoja baadaye, ghalani kwa mnunuzi, fukusi hutoka na ugomvi wa malipo huanza.

Fukusi asichanganywe na dumuzi (Prostephanus truncatus), mdudu mwingine mwenye umbo la silinda anayetoboa punje na kuacha vumbi jingi la unga. Dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa katika eneo la Tabora nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na akaonekana Taveta, Kenya, mwaka 1983. Tanzania wengine humwita Skania, na Kenya amepewa jina la Osama. Katika maghala ya wakulima amewahi kula zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa mahindi kwa miezi michache tu. Dawa za unga zilizomtosha fukusi hazikumtosha dumuzi, na ndiyo maana dawa nyingi za unga zinazouzwa sasa zina viambato viwili, kimoja kwa kila mdudu.

KUVU HII NI KITU GANI

Aspergillus flavus si mdudu wala si mmea. Ni kuvu inayoishi udongoni na kwenye mabaki ya mazao. Mbegu zake ni vumbi jepesi sana linalopeperushwa na upepo. Ikiota kwenye punje huonekana kama ukungu wa kijani kibichi chenye umanjano, ingawa mara nyingi huwa ndani ya punje na haionekani kabisa.

Kuvu hii hushambulia mahindi nyakati mbili. Kwanza ni shambani, hasa jua kali na ukame vinapoikuta mimea ikiwa inaweka punje. Pili ni baada ya kuvuna, pale mahindi yanaporundikwa yakiwa mabichi, yanapoanikwa juu ya udongo mtupu au yanaponyeshewa. Mara unyevu unapozidi asilimia 14 hivi, pamoja na joto, kuvu hupata nafasi ya kukua.

Kuvu yenyewe si tatizo kubwa kama sumu inayoitengeneza. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula chenye karanga zilizoota kuvu. Aina yake kali zaidi, aflatoksini B1, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Hushambulia ini. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka zaidi. Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi huleta kutapika, macho kuwa ya manjano, tumbo kuvimba na kifo.

Kupika ugali hakuondoi sumu hii. Moto wa sufuria haufikii joto la kuivunja.

KINACHOWATENGANISHA

Kuonekana. Fukusi mzima anaonekana, na punje aliyotoka ina tundu. Sumukuvu hujulikana kwa kipimo cha maabara au kwa vifaa vya kupimia haraka tu.

Kuenea. Fukusi hutembea kutoka gunia hadi gunia na kutoka shehena hadi shehena. Sumukuvu hukaa kwa mafungu. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na punje za jirani zikawa safi. Ndiyo maana sampuli ya gunia moja la juu haitoshi kusema lolote kuhusu lori zima.

Tiba. Fukusi akifa, tatizo la fukusi limesimama. Kuvu ikifa, sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki pale pale.

Hasara. Kwa fukusi, muuzaji hupunguziwa bei au kushushiwa daraja. Kwa sumukuvu hakuna bei ya chini, kwa kuwa chakula kilichovuka kiwango hakiruhusiwi kuuzwa.

JINSI MMOJA ANAVYOMFUNGULIA MWENZAKE MLANGO

Pamoja na tofauti hizo, wawili hawa husaidiana. Ganda la punje ni ngao dhidi ya kuvu. Fukusi akilitoboa, kuvu hupata njia ya kuingia. Mwili wa fukusi hubeba mbegu za kuvu na kuzisambaza ndani ya gunia. Tena, wadudu wengi wakiwa pamoja hupumua na kutoa joto na mvuke. Sehemu hiyo ya gunia hupata unyevu na kuwa moto ukiingiza mkono, hata kama mahindi yaliingia ghalani yakiwa makavu.

Kwa hiyo shehena yenye fukusi wengi ni shehena ya kushukiwa sumukuvu pia. Lakini kinyume chake si kweli. Kutokuwepo kwa fukusi si ushahidi kwamba hakuna sumu.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Kenya iliwahi kupata vifo kutokana na sumukuvu mwaka 1981 huko Machakos, ambako watu 20 waliugua na 12 wakafa. Mkasa mkubwa ulikuja mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Uchunguzi wa sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masokoni ulionyesha kuwa asilimia 55 zilikuwa zimevuka kiwango cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilivuka sehemu 1,000. Nchini Tanzania, mwaka 2016, watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Baadaye suala likahamia kwenye biashara. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya, AFA, ilisimamisha mahindi yote kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama mpakani yakiwa yamepakiwa. Siku chache baadaye marufuku hiyo iliondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kionyeshe mahindi yametoka wapi. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiwa pia upande wa Sudan Kusini.

Katika visa hivi vya mpakani hakuna aliyefunga mpaka kwa ajili ya fukusi.

KIWANGO KINASEMA NINI

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia kiwango kimoja cha mahindi, EAS 2. Baadhi ya mambo ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyajua kwa kichwa ni haya:

- Unyevu usizidi asilimia 13.5 kwa madaraja yote.
- Punje zilizoharibiwa na wadudu zisizidi asilimia 1 kwa daraja la kwanza, 3 kwa la pili na 5 kwa la tatu.
- Jumla ya aflatoksini isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na aflatoksini B1 isizidi sehemu 5. Kwenye vyeti kipimo hiki huandikwa ppb.

Hapa tofauti ya maadui wawili iko wazi. Kwa wadudu kuna ngazi tatu, na mahindi yanaweza kushuka ngazi na bado yakauzwa. Kwa sumu kuna mstari mmoja tu.

Mstari huo ni mwembamba sana. Sehemu 10 kwa bilioni ni miligramu 10 katika tani moja. Katika lori la tani 30, sumu yote inayoruhusiwa haizidi theluthi moja ya gramu. Gunia moja lenye sehemu 1,000 kwa bilioni, likichanganywa na magunia 99 yasiyo na sumu kabisa, linatosha kuyafikisha yote 100 kwenye mpaka wa kiwango. Kuchanganya mahindi mabaya na mazuri ili "yapotee" humpotezea mfanyabiashara mazuri yake.

DAWA IPI INAFANYA NINI

Dawa ya unga. Huchanganywa na mahindi ya kuhifadhi na huua wadudu. Haigusi kuvu. Izingatiwe kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kufukiza kwa vidonge vya fosfini. Gesi hupenya hadi ndani ya punje na kuua mayai na funza, mradi turubai limefungwa barabara kwa siku tano hadi saba au zaidi. Haiondoi sumukuvu. Gesi hii huua binadamu. Kazi hii ifanywe na mfukizaji mwenye kibali. Vidonge visiwekwe kwenye lori linalosafiri, na dereva au taniboi asilale juu ya mzigo au karibu na mzigo uliotiwa dawa.

Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa bila dawa. Mahindi makavu yakiwekwa humo, kuvu haikui. Yakiwekwa mabichi yataoza. Mfuko ukitobolewa kwa ndoano ya mpakizi, faida yake imekwisha.

Kuchambua na kupeta. Kuondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizosinyaa hupunguza wadudu na pia hupunguza sumu, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye punje za aina hiyo. Hii ndiyo kazi pekee ghalani inayowapunguza maadui wote wawili kwa pamoja. Hata hivyo haichukui nafasi ya kipimo.

Kinga ya shambani. Kenya ilisajili mwaka 2015 bidhaa iitwayo Aflasafe KE01. Hunyunyizwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Ndani yake mna kuvu ya jamii ile ile isiyotoa sumu, ambayo huchukua nafasi ya ile yenye sumu. Kwa fukusi haisaidii chochote.

UNYEVU NA MAHESABU YAKE

Mavuno ya msimu wa kwanza mashariki mwa Uganda hufika kati ya Juni na Agosti, wakati mvua bado hunyesha mara kwa mara. Mkulima anahitaji fedha, mnunuzi anataka kujaza lori, na jua halitoshi. Mahindi mengi huingia sokoni yakiwa na unyevu wa asilimia 18 au zaidi.

Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki kilo 95 hivi. Hapo ndipo kila mtu hushawishika kumpasia mwenzake kazi ya kukausha, kwani anayekausha ndiye anayepoteza uzito. Lakini anayenunua mabichi hununua maji. Katika lori la tani 30 maji hayo ni zaidi ya tani moja na nusu, ambayo mnunuzi ameyalipia, ameyalipia na nauli, kisha yanamkatisha kiwango mpakani. Suluhisho ni bei kufuata unyevu: mahindi makavu yalipwe zaidi kwa kilo, na mabichi yakatwe uzito wa maji.

Njia ya chumvi inayotumiwa na wengi ina mpaka wake. Mahindi na chumvi kavu huwekwa kwenye chupa kavu na kutikiswa. Chumvi ikigandamana na chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandamana, unyevu uko chini ya 15, lakini huenda bado uko juu ya 13.5. Kwa biashara ya kuvuka mpaka mashine ya kupima unyevu haiepukiki, na kikundi cha wafanyabiashara kinaweza kununua moja kwa pamoja.

KABLA YA KUPAKIA NA NJIANI

1. Kupima unyevu wa magunia mengi, si moja. Bambo lichome juu, katikati na chini ya rundo.

2. Kukataa mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo. Turubai ni rahisi kuliko shehena.

3. Kuingiza mkono ndani ya gunia. Joto, harufu ya uvundo au punje zilizoshikana ni ishara mbaya.

4. Kuchekecha kilo moja juu ya karatasi nyeupe. Fukusi hai wataonekana wakitembea. Tundu bila mdudu lina maana alikwisha kutoka na yuko mahali fulani.

5. Kupima sumukuvu kabla ya kupakia, kwa sampuli iliyochotwa sehemu nyingi na kuchanganywa. Gharama ya kipimo hulipwa mara moja. Lori lililosimama mpakani hulipiwa kila siku.

6. Kuwa na karatasi kamili: cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo ya Uganda, cheti cha asili na cheti cha kipimo cha sumukuvu. Upande wa Kenya wakaguzi ni pamoja na KEPHIS kwa wadudu na magonjwa ya mimea, na KEBS kwa viwango.

7. Kwa wafanyabiashara wadogo wanaotumia utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000: cheti rahisi cha asili hupunguza kazi ya forodha. Hakiondoi masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula.

8. Kukagua lori. Sakafu iwe kavu, nyufa zifagiliwe. Mabaki ya mzigo uliopita ndiyo makazi ya fukusi.

9. Turubai lisiwe na matundu, lakini lifunguliwe kila panapokuwa na jua na gari limesimama. Mzigo uliopakiwa kwenye joto la Busia ukipita baridi ya Timboroa usiku hutoa jasho chini ya turubai, na magunia ya juu hulowa bila mvua kunyesha.

SHEHENA ILIYOKATALIWA

Mahindi yaliyokataliwa kwa fukusi yanaweza kurudishwa, kufukizwa, kuchekechwa na kupimwa tena. Yaliyokataliwa kwa sumukuvu hayana njia hiyo. Kuyapeleka kwa watengeneza busaa hakusaidii, sumu haiishi kwa kuchachushwa. Kuyafanya chakula cha kuku huua kuku au kuwadumaza. Kuyalisha ng'ombe hupeleka sumu kwenye maziwa, na maziwa hunywewa na watoto.

Mara nyingi mahindi hayo hurudi sokoni kwa bei ya chini, upande ule ule yalikotoka, na kununuliwa na familia zisizo na uwezo wa kuuliza cheti. Kwa hiyo mahali pa kuzuia ni kabla ya lori kujaa: kwenye turubai la kuanikia, na kwenye mkono wa mnunuzi anayekubali kulipia mahindi makavu.